Nyumba ya kwanza Uvira: kati ya mlima, mto na ziwa

Tangu mafuriko ya Aprili 2020, kila familia changa ya Uvira inayofikisha akiba ya kuacha kupanga hujiuliza mambo mawili: tununue wapi, na kwa karatasi gani? Majibu yanayozunguka mjini yanapingana. Huyu anasema ufuo wa ziwa umekwisha, watu wapande mlimani. Yule anasema mlimani hakuna maji na mvua inabomoa kuta, afadhali kutoka nje ya mji kuelekea bonde la Ruzizi. Kuna wanaoamini kwamba sahihi ya chefu wa kartie inatosha, na wengine wanashikilia kwamba bila cheti cha konservateri wa hati za ardhi hujanunua kitu. Na tangu vita vilipoingia mjini kwenyewe Desemba 2025, wameongezeka wanaouliza kama kununua kuna maana yoyote.

Kila jibu kati ya hayo lina kipande cha ukweli, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kwa hiyo inafaa kuanza na sababu zilizotufikisha hapa, kisha kupima kila njia kwa faida zake na hasara zake.

Mji uliobanwa

Uvira ni mji mrefu na mwembamba. Upande wa mashariki ni Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mwinuko wa mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi milima ya Mitumba inaanza kupanda karibu mara moja, na ukiifuata kuelekea Itombwe unavuka mita 3,000. Katikati kuna ukanda wa ardhi tambarare, na juu yake vimekaa barabara ya taifa namba 5, soko, bandari ya Kalundu, makanisa, misikiti, shule na sehemu kubwa ya nyumba.

Ukanda huo umetengenezwa na mito. Mulongwe, Kavimvira, Kalimabenge na vijito vingine vimeshusha mawe, mchanga na udongo kutoka mlimani kwa maelfu ya miaka na kuvimwaga penye mdomo wa bonde. Mto unaomwaga mawe namna hiyo hujaza njia yake wenyewe, kisha hutafuta nyingine. Kwa maneno mengine, ardhi nzuri kabisa kwa kujenga Uvira, iliyo tambarare, laini kuchimba na karibu na barabara, ndiyo ileile ambayo mto umezoea kuirudia. Anayenunua bila kulijua hili anaangalia kiwanja jinsi kilivyo leo, wakati tabia ya kiwanja inaonekana katika miaka hamsini.

Watu nao wamezidi kuongezeka. Vita vilivyoanza 1996 vilisukuma familia kutoka Fizi, nyanda za juu na bonde la Ruzizi kuja kutafuta usalama mjini. Biashara na Bujumbura kupitia mpaka wa Kavimvira, na ya majini kwenda Kalemie na Kigoma, ikawafanya wengi wabaki. Mwaka 2013 Uvira ikapewa hadhi ya mji kwa dekreti. Bukavu ilipoanguka Februari 2025, serikali ya jimbo la Kivu Kusini ikahamia hapa, na maofisa wakaja kutafuta nyumba palepale walipokuwa wakitafuta wenyeji. Tambarare ikajaa. Waliokosa nafasi walikwenda pande mbili, wengine juu kwenye miteremko, wengine chini kwenye kingo za mito.

Pande hizo mbili zinagusana. Mteremko uliokatwa miti kwa ajili ya makaa, mashamba na viwanja haushiki tena maji ya mvua. Yote yanashuka kwa pamoja, na anayeyapokea ni aliyejenga ukingoni. Nyumba ya bei nafuu ya juu inaongeza hatari ya nyumba ya bei nafuu ya chini, na hakuna hata mmoja kati ya wanunuzi hao wawili aliyeelezwa hivyo siku ya kulipa.

Maji ya mto na maji ya ziwa

Watu husema "mafuriko" kana kwamba ni jambo moja. Mnunuzi anapaswa kuyatenganisha, kwa sababu yanaharibu kwa namna tofauti na yanadai tahadhari tofauti.

Maji ya mto huja ghafla, aghalabu usiku, na yanabeba mawe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ilivunja kingo zake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibiwa, na mitambo ya Regideso, shirika la maji, inayochota maji Mulongwe ikapigwa, hata mji ukakosa maji ya bomba wakati ulipoyahitaji zaidi. Nyumba ya matofali mabichi haisimami mbele ya maji ya namna hiyo. Hata ya matofali ya kuchoma haisimami kama msingi wake umechimbwa kwenye mchanga.

Maji ya ziwa huja polepole. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na sehemu kubwa ya maji yake hupungua kwa kuvukizwa na jua. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa linapanda na linachukua muda mrefu kushuka. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndivyo ilivyokuwa tena 2021, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024 maji yalipovamia nyumba za ufukweni, bandari ya Kalundu, na ng'ambo ya mpaka huko Gatumba na Bujumbura. Maji haya hukupa nafasi ya kutoa watoto na vyombo. Lakini yanakaa miezi, yanayeyusha matofali mabichi kuanzia chini, yanafurisha vyoo, na katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuuaga kabisa, choo kilichofurika ni hatari kwa kartie nzima.

Upungufu wa kumbukumbu ndio unaopanga bei. Ziwa likishuka, ufuo unakauka, majani yanaota, na komisioneri, yaani dalali, anakuja na mteja akimwonyesha upepo mzuri na jirani mvuvi mwenye dagaa mabichi kila asubuhi. Mpaka unaoonekana wakati huo ni wa muda. Atakayenunua ufukweni kwa kipimo cha mwaka wa maji machache atakuwa amenunua sehemu ya ziwa.

Kuna ishara ambazo mtu anaweza kuzisoma mwenyewe. Angalia kuta za nyumba jirani, wala usiishie kwenye ile inayouzwa. Plasta iliyobadilika rangi kwa mstari mmoja ulionyooka, kimo kilekile nyumba baada ya nyumba, ni alama ya maji. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu ya ukuta inaficha kitu. Kando ya mto, tazama mawe yaliyo kiwanjani: yakiwa ya mviringo na laini, yaliletwa na mto, na mto uliofika unaweza kufika tena. Kisha waulize kina mama wanaochota maji hapo, si muuzaji, maji yalifika wapi 2020.

Mlimani

Wanaotetea mlima wana hoja nzito. Ziwa haliwezi kuwafikia. Msingi ukichimbwa mpaka kwenye mwamba unashika vizuri. Mawe ya kujengea yapo palepale. Na viwanja vya juu kwa kawaida ni rahisi kuliko vya kando ya barabara.

Urahisi huo unalipwa baadaye, kidogokidogo. Gari linaishia chini, kwa hiyo kila mfuko wa saruji, kila bati na kila debe la mchanga hupanda kichwani au mgongoni, na mbebaji hulipwa. Bomba la Regideso likikosa nguvu ya kufika juu, mama na watoto watapanda na madumu miaka yote watakayoishi hapo, na gharama hiyo haionekani kwenye mkataba wowote. Mgonjwa usiku hushushwa kwa kubebwa.

Hatari kubwa zaidi ni ardhi yenyewe. Mtu akikata mteremko apate uwanja wa nyumba, anaacha ukuta wa udongo nyuma yake na lundo la udongo uliolegea mbele yake. Mvua ya usiku mmoja inaweza kuushusha ule wa nyuma au kuuondoa ule wa mbele. Halafu kuna jirani wa juu, ambaye maji ya bati lake yanashukia kwako kama hakuchimba mfereji. Tena tuko kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye kipimo cha 6.8, lilianzia chini ya ziwa hili hili na kuangusha nyumba upande wa Kalemie. Nyumba ya mlimani isiyo na mkanda wa zege unaofunga kuta zake haikujengwa kwa nchi hii.

Hata hivyo mlima si mahali pamoja. Mgongo wa kilima, ambako maji hugawanyika kwenda pande mbili, ni tofauti kabisa na bonde dogo kati ya migongo miwili, ambako maji hukutana. Viwanja vya bei ya chini sana mara nyingi viko kwenye hivyo vibonde. Ukiona mizizi ya miti iko nje, msingi wa jirani unaning'inia, au mifuko ya mchanga imepangwa nyuma ya nyumba, ardhi hiyo tayari inahama.

Kutoka nje ya mji

Wengine wanaitazama tambarare ya Ruzizi: Kiliba, Runingu, hata Sange. Nafasi ni kubwa, mtu anapata bustani, na kujenga ni rahisi kwa sababu gari linafika. Lakini nauli ya kila siku kwenda kazini inakula ile tofauti ya bei, usalama wa barabara hubadilika kwa wiki, na mto Ruzizi nao hufurika. Suala la ardhi ni gumu zaidi huko. Sehemu kubwa iko chini ya mamlaka ya machifu wa mila, na kuzunguka Kiliba kuna ardhi ya kiwanda cha sukari, ambacho vita vya 1996 vilikisimamisha. Shamba lililolala miaka mingi halijakosa mwenyewe. Kwa familia inayotafuta riziki mjini, sioni bonde kama jibu la nyumba ya kwanza. Kwa mkulima, hesabu ni nyingine.

Karatasi

Kwa sheria ya Kongo, ile ya tarehe 20 Julai 1973 namba 73-021, udongo wote ni mali ya serikali, na serikali haiuuzi. Mwananchi anapata haki ya kuutumia: konsesyo ya kudumu kwa raia wa Kongo, au konsesyo ya kawaida ya muda usiozidi miaka 25 inayoweza kurudiwa. Haki hiyo, pamoja na nyumba iliyo juu yake, inathibitishwa na cheti cha usajili kinachotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Ibara ya 219 inasema wazi kwamba pasipo cheti hicho haki haijasimama kisheria. Miaka miwili ikipita tangu kitolewe, ni vigumu sana kukitikisa.

Sasa tazama karatasi ambayo familia nyingi za Uvira zinayo mkononi. Ni ukurasa mmoja, pengine miwili, wenye kichwa "attestation de vente", yaani hati ya mauzo. Kuna jina la muuzaji na la mnunuzi, kiasi cha dola kwa tarakimu na kwa maneno, vipimo kama mita 15 kwa 20, na mipaka: kaskazini kiwanja cha fulani, kusini avenyu, magharibi ravini. Chini kuna mashahidi wawili kila upande, chefu wa avenyu, chefu wa kartie, na mhuri wa zambarau. Karatasi hiyo si bure. Inaonyesha kwamba pesa zilipokelewa, kwamba majirani wanajua, kwamba kiongozi wa mtaa alikuwapo. Mara nyingi ndiyo inayomaliza ugomvi kabla haujafika mahakamani.

Ila haihamishi haki ya ardhi. Chefu wa kartie anashuhudia tu, hana ardhi ya kutoa. Kama muuzaji mwenyewe alikuwa na karatasi ya namna hiyo tu, na aliyemuuzia vilevile, basi mlolongo mzima unasimama juu ya kumbukumbu za watu. Akitokea siku moja mtu mwenye cheti cha konservateri juu ya kiwanja kilekile, mahakama itaanza na cheti.

Wanaotetea karatasi ya kartie wanasema cheti ni ghali, kinachukua muda, na safari za ofisi hazina mwisho. Wana haki. Kwa mwenye kiwanja kidogo, gharama ya kupimiwa na kadastri (ofisi ya vipimo vya ardhi), ya mkataba na ya cheti inaweza kuonekana kubwa kuliko faida. Hapa lawama ni ya serikali kuliko ya mwananchi: hati ambayo maskini hawezi kuifikia haimlindi maskini. Lakini kuna ngazi katikati. Kabla ya cheti, serikali hutoa mkataba wa kukodi wa miaka mitatu, na mwenye kuendeleza kiwanja katika muda huo anaweza kuomba konsesyo ya kudumu. Kuwa na faili lililofunguliwa kwenye ofisi ya ardhi, lenye namba ya kadastri, ni hatua kubwa kuliko mihuri kumi ya mtaa. Na kwenda ofisini humo kuuliza, kabla ya kulipa, kama kiwanja kina jina la mtu mwingine, kunagharimu kidogo kuliko kesi ya miaka.

Kuna sahihi mbili zinazosahauliwa. Ya kwanza ni ya mke au mume. Kanuni ya familia inadai makubaliano ya wanandoa wote wawili kabla ya kuuza konsesyo ya ardhi, hata kama ni ya mmoja wao. Muuzaji anayesema "mke wangu yuko Bujumbura, atakuja kusaini baadaye" asipewe pesa leo. Ya pili ni ya warithi. Kiwanja cha marehemu ni cha watoto wake wote, na kaka mkubwa akiuza peke yake, wadogo zake wana haki ya kurudi. Kesi za namna hii hazichukui muda kuzaliwa. Zinasubiri tu bei ya kiwanja ipande.

Nyumba tayari, kujenga polepole, au kuendelea kupanga

Nyumba iliyokwisha kujengwa inampa mtu paa mara moja na kumtoa kwenye kodi. Hasara yake ni kwamba unanunua usichokiona: msingi wa kina gani, udongo gani, bati lilifungwa vipi. Plasta huficha mengi.

Njia ya kujenga kidogokidogo ndiyo inayolingana na mapato ya watu wengi, kwa sababu mkopo wa nyumba wa benki haupo kwa mtu wa kawaida. Benki inadai cheti na mshahara wa uhakika. Watu hutumia likelemba (mchango wa zamu), kuuza ng'ombe, au msaada wa ndugu aliye nje. Wanaojua kazi huanza na aneksi upande wa nyuma wa kiwanja, chumba kimoja au viwili na choo, wanahamia humo, na nyumba kubwa inainuka mbele kadiri pesa zinavyopatikana. Aneksi baadaye hupangishwa. Udhaifu wa njia hii ni ukuta unaoachwa bila bati masika mawili, ukilowana na kuharibika, na kiwanja kitupu ambacho jirani husogeza mpaka wake usiku.

Kupanga kumedharauliwa kupita kiasi. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kuishi kuwa kodi ya miezi mitatu, ingawa wenye nyumba wengi hudai zaidi na wapangaji hawaijui haki yao. Mpangaji akifurikiwa anapoteza vyombo, hapotezi akiba ya miaka kumi. Na vita vilipofika Desemba 2025, makumi ya maelfu walivuka kwenda Burundi wakiwa na walichoweza kubeba. Mwenye nyumba aliiacha bila kujua nani atalala humo. Hata hivyo, hoja kwamba vita vinaondoa maana ya kununua siikubali. Walionunua Uvira baada ya 1998 na baada ya 2004 waliambiwa hivyo hivyo, na wengi wao leo wanaishi kwao. Vita vinabadilisha namna ya kununua: usitie akiba yote, na nakala ya hati iwe mahali pengine nje ya nyumba.

Mizani

Tuchukue mfano, bila kudai kwamba ni bei ya soko, wa familia yenye dola 3,000. Nyumba ya vyumba viwili karibu na mto inapatikana kwa kiasi hicho chote. Kiwanja kitupu sehemu ya chini ya mgongo wa kilima kinapatikana kwa nusu yake. Watu wengi watachagua nyumba, kwa sababu mwezi ujao hawatalipa kodi. Hesabu hiyo ina makosa. Katika nyumba ya mtoni hakuna senti iliyobaki kwa ajili ya kadastri, wala ukuta wa kuzuia maji, wala kuanza upya. Katika kiwanja, nusu iliyobaki inafungua faili ofisini, inachimba mfereji, inaweka msingi wa mawe na kuinua chumba cha kwanza cha aneksi.

Uamuzi wangu ni huu. Ukingo wa mto haununuliki, kwa bei yoyote na kwa karatasi yoyote. Ufuo uliofunikwa na maji 2021 au 2024 unaweza kumfaa mfanyabiashara anayejenga kibanda cha kukiacha, haufai familia. Mahali pa nyumba ya kwanza ni ardhi ya kati: nje ya njia ya mto, juu ya alama ya ziwa, chini ya mteremko mkali, iwe ndogo kiasi gani. Ukiikosa kwa pesa ulizonazo, endelea kupanga na endelea kuweka akiba. Na kati ya kiwanja kikubwa chenye karatasi ya kartie tu na kidogo chenye faili kwenye ofisi ya ardhi, chukua kidogo.

Lakini mnunuzi peke yake hawezi kuumaliza ugonjwa huu. Kila kiwanja cha mtoni kilichouzwa tangu 2020 kimepitia kwa mtu aliyekuwa na mhuri. Mkuu wa mji, ofisi ya ardhi na machefu wa kartie wanajua maji yalifika wapi, maana walihesabu wafu. Wachore mstari huo, waubandike kwenye mlango wa kila ofisi ya kartie, na asiwepo wa kutia sahihi mauzo ya kiwanja kilicho ndani yake.